Ustad Si Guru: Miaka Yangu ya Ukalimani Doha

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kilichovunjika mgongo na meza iliyotazamana na mlango. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika ofisi ya kuchapa na kutafsiri iliyokuwa juu ya duka la simu mtaani Al Sadd. Ofisi za namna hiyo zilikuwa nyingi Doha. Mtu aliingia na karatasi ya lugha yake, akatoka na karatasi ya Kiarabu yenye muhuri, akaipeleka idara iliyomtuma. Mimi niliajiriwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Mkuu wa ofisi alikuwa Msudani mrefu mwenye sauti ya chini, na kila aliyeingia alimwita Ustaz. Kwa Waarabu wa huko neno hilo ni heshima anayopewa mtu aliyesoma, mwalimu wa shule au bwana wa ofisi. Kwetu Waswahili ustadhi ni mwalimu wa madrasa. Nilidhani hiyo ndiyo tofauti yote iliyokuwapo. Sikujua kwamba neno hilo lingenisumbua kazini kuliko maneno mengine yote.

Kabla ya adhuhuri aliingia mwashi mmoja, Kalasinga mwenye kilemba cha buluu, akiwa na karatasi iliyotafsiriwa kwetu wiki iliyotangulia. Alikuwa amepoteza pasipoti na alitakiwa kueleza kwa maandishi jinsi ilivyopotea. Katika maelezo yake alisema kwamba Guru ndiye shahidi wake. Aliyetafsiri akaandika kwa Kiarabu kwamba mwalimu wake ndiye shahidi. Karani wa idara akamrudisha: kama kuna mwalimu aliyeshuhudia, mlete atie sahihi.

Mwashi alisimama katikati ya chumba, akajisemea kwa Kipunjabi, "Sasa nikamlete mwalimu gani mimi?"

Nikamjibu kwa lugha hiyo hiyo, "Kaa chini, bhai sahib, tutairekebisha."

Ofisi nzima ikanigeukia. Nikalazimika kueleza. Baba yangu alikuwa mnoa misumeno katika kiwanda cha mbao huko Elburgon, mali ya familia ya Makalasinga, na sisi tulikaa uani mwao. Bibi wa nyumba ile, tuliyemwita Biji, hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni, wala hakuwa na nia ya kukijifunza. Watoto wote wa uani, weusi kwa Wahindi, tulijifunza lugha yake ili tupate kula. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma herufi zao, ziitwazo Gurmukhi, maana yake zilizotoka kinywani mwa Guru. Mimi ni Mkristo na nimebaki hivyo, lakini Kipunjabi nilikinyonya mapema.

Ustaz alivuta kiti. "Basi tuandike nini?"

"Masingasinga hawamwiti mwalimu wa kawaida Guru," nikasema. "Walikuwapo kumi wa zamani, mmoja baada ya mwingine. Wa kumi alipokaribia kufa alisema hatakuwapo mtu mwingine, na tangu hapo kitabu chao kitakatifu ndicho Guru. Tena ndani ya kitabu chenyewe neno hilo mara nyingi ni Mungu, yule anayemfundisha mtu moyoni. Huyu bwana anaapa tu. Ni kama mtu kusema Mungu ni shahidi wangu."

Ustaz akaandika hivyo kwa Kiarabu, akagonga muhuri. Mwashi alipoondoka, Ustaz aliniambia, "Sister Peris, aliyetafsiri kwanza hakuwa mjinga. Aliona neno limemkwama akaona haya kulisema. Wewe ukikwama, sema umekwama."

Nilikaa katika ofisi ile miaka kadhaa. Nilikuwa nikiishi Fereej Bin Mahmoud, katika nyumba ya kupanga pamoja na wauguzi Wakenya, na asubuhi nilitembea kwenda Al Sadd kabla jua halijawa kali. Ustaz alinifundisha kuandika Kiarabu kiasi cha kunisaidia. Mimi nami nilijifunza taratibu jinsi Wapunjabi wanavyowapanga wanaofundisha, maana wateja wengi walikuwa wa lugha hiyo. Mwalimu wa shule kijijini kwao huitwa master ji, na cha ajabu ni kwamba fundi cherehani naye huitwa vivyo hivyo. Giani ni mtu aliyezama katika maandiko na anayeyafafanua. Granthi ni yule anayekitunza Kitabu na kukisoma mbele ya watu. Wote hao wawili huheshimiwa, lakini hakuna anayethubutu kuwaita Guru. Sant ni mtu mwema aliyekaribiana na Mungu. Bhai ni ndugu, ila likitangulia jina la mcha Mungu huwa cheo. Satguru, yaani Guru wa kweli, mara nyingi ni Mungu mwenyewe. Na pir au murshid ni maneno ya Waislamu kwa kiongozi wa njia ya dini, nayo yamo pia ndani ya kitabu cha Masingasinga, jambo ambalo wageni wengi hawalijui.

Ustad, neno lile lile la Ustaz, ni jambo jingine kabisa. Kwa Wapunjabi, wawe Waislamu au Masingasinga, ustad ni fundi aliyebobea, wa muziki, wa mieleka au wa injini. Katika gereji na malori, ustad ndiye anayekushika mkono mpaka ujue kazi. Sisi tungesema fundi mkuu, basi.

Ofisi ilipopunguza watu, nilihamia kampuni ya uchukuzi iliyokuwa na yadi kubwa Sanaiya, eneo la viwanda. Cheo changu kilikuwa mkalimani wa Idara ya Wafanyakazi. Madereva wengi walikuwa Wapunjabi kutoka pande zote mbili za mpaka, Wahindi na Wapakistani, nao waliniita bhenji, yaani dada. Mkuu wa yote alikuwa Mudir, mtu wa makamo aliyevaa kanzu nyeupe isiyojua kukunjamana, mwenye maneno machache. Chini yake alikuwapo Msimamizi wa Yadi, aliyepanga lori gani litoke na lini. Sitawataja kwa majina.

Kazi yangu kubwa ilikuwa katika vikao vya nidhamu. Mfanyakazi anashtakiwa kwa Kiingereza, anajibu kwa Kipunjabi, na mkalimani anakaa kati yao. Kanuni ni kwamba mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza. Dereva akisema "nililala", mimi nasema "nililala", si "anasema alilala". Mwanzoni ni kama kuvaa shati la mtu, lakini unazoea.

Kikao ninachotaka kuwasimulia kilifanyika katika miaka ya elfu mbili na kumi, wakati jiji lote lilikuwa likijengwa na malori hayapumziki. Asubuhi moja madereva kadhaa walikataa kutoa magari. Karani mmoja aliyejua Kihindi aliwauliza sababu, akaandika ripoti kwa haraka: madereva wanasema mwalimu wao amewaamuru wasiendeshe. Ripoti ikafika kwa Mudir kabla mimi sijafika kazini.

Nilipoitwa niliwakuta watu wanne chumbani: Mudir, Msimamizi, dereva mmoja Kalasinga aliyeitwa Balbir, na mzee Nazir. Nazir alikuwa Mwislamu kutoka upande wa Lahore, mkuu wa karakana, mtu aliyekuwa amezeeka ndani ya ovaroli. Kila dereva wa Kipunjabi alimwita Ustad. Sasa alisimama karibu na ukuta, kofia mkononi, akitazama viatu vyake.

Msimamizi alianza. "Mudir, jambo ni wazi. Wanasema mwalimu wao ndiye aliyetoa amri. Katika yadi hii mwenye jina hilo ni mmoja tu. Huyu hapa. Wote wanamwita Ustad."

Mudir akamgeukia Nazir. "Umekaa na sisi miaka mingi. Kama umewagomesha watu wangu, utarudi kwenu wiki hii. Unaelewa?"

Nilitafsiri. Nazir akasema, "Sikuwaambia kitu. Mimi hutengeneza magari, siamuru watu."

"Watu husema hivyo," Mudir akasema. Akanigeukia. "Sister, muulize dereva. Mwalimu aliyemwamuru ni huyu mzee? Ajibu ndiyo au la."

Nikamgeukia Balbir kumuuliza, neno likanikwama.

Swali lilikuwa fupi, lakini kwa Kipunjabi halikuwa na mlango mmoja. Nikisema ustad, Balbir angejibu ndiyo, kwa sababu Nazir ni ustad wake, na kwa ndiyo hiyo mzee angepanda ndege. Nikisema guru, angejibu la, tena kwa kushangaa kwamba namwita Mwislamu wa karakana kwa jina hilo. Jibu lingetegemea neno nililochagua mimi. Nilipokuwa nikiingia nilimsikia Balbir akimwambia mwenzake aliyebaki nje ya mlango, "Guru da hukam si," ilikuwa amri ya Guru, kwa hiyo nilifahamu ripoti ilikopotelea.

"Mudir," nikasema, "mkalimani amekwama. Naomba ruhusa nieleze neno."

Msimamizi akaingilia. "Kazi yake ni kutafsiri, si kuhutubu."

"Akitafsiri kitu asichokielewa ataniletea uongo," Mudir akajibu. "Sema, kwa ufupi."

Nikaeleza tofauti ya ustad na Guru, kama nilivyowaeleza ninyi. Nikaongeza habari ya hukam. Kila asubuhi, mahali pa ibada, Kitabu hufunguliwa bila kuchagua ukurasa, na shairi la kwanza linaloonekana husomwa kwa sauti. Shairi hilo ndilo hukam ya siku hiyo. Kambini kwao hapakuwa na Kitabu, ila walitumiwa maneno ya siku kwa simu kutoka nyumbani na kuyasoma pamoja kabla ya chai.

Mudir alikuwa akisikiliza huku amefumba macho nusu. Neno hukam halikuhitaji tafsiri kwake, maana kwa Kiarabu ni hukm, kama sisi tusemavyo hukumu. "Kwa hiyo," akasema polepole, "kitabu chao ndicho kilichowaambia wasiendeshe malori yangu?"

Nikamuuliza Balbir, safari hii nikitumia neno Guru mahali pake.

Hapo nilielewa nilichokuwa nimefanya. Mzigo nilikuwa nimeutoa mabegani mwa Nazir, lakini haukuwa umeyeyuka. Ulikuwa unatafuta mtu mwingine wa kumkalia, na chumbani alibaki mmoja. Balbir alikuwa na wazazi na dada wawili waliomtegemea. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimemtafsiria mkataba. Angeweza kusema ndiyo, ni Kitabu, na labda Mudir, akiwa mtu wa dini, angeona vibaya kumwadhibu.

Balbir alinyoosha kilemba chake. Akajibu, nami nikayasema maneno yake kwa Kiingereza, kwa nafsi ya kwanza, kama kanuni inavyotaka:

"Hapana. Guru hakunitajia lori. Maneno ya asubuhi yalihusu kusema kweli. Breki za lori langu niliziona mimi kwa macho yangu. Upepo wa breki unavuja, mshale wa kipimo chake unashuka hata lori likiwa limesimama. Niliogopa kusema tangu juzi. Leo nikaona aibu kuendelea kuogopa. Wenzangu walinifuata mimi. Ustad hakuhusika."

Nikiwa mkalimani sikutakiwa kuhisi chochote, na kwa kiasi kikubwa nilikuwa nimejizoeza. Hata hivyo, niliposema "nikaona aibu kuendelea kuogopa" kwa mdomo wangu mwenyewe, shati lile la mtu lilinikaa mwilini kama langu.

Ndipo Nazir akaunyanyua uso. "Breki za lori lile nilizisema wiki iliyopita. Nilimwambia Msimamizi mwenyewe lisitoke."

Mudir akamgeukia Msimamizi. "Kweli?"

"Tulikuwa na saruji ya kupeleka," Msimamizi akasema. "Wateja walikuwa wanapiga simu."

Mudir alisimama, akatoka, nasi tukamfuata hadi yadini. Alikusanya kanzu yake kwa mkono mmoja, akapanda kwenye kabini ya lori kwa mkono mwingine, mtu ambaye nadhani hakuwahi kukaa kwenye kiti cha lori maishani. Akamwambia Nazir, aliyepanda upande wa usukani, awashe injini, wangoje upepo ujae, kisha aizime. Tukasimama juani tukimtazama akitazama mshale. Kelele za yadi ya jirani ziliendelea upande wa pili wa ukuta. Haukupita muda mrefu, mshale ukashuka.

Akashuka. "Khalas," akasema. "Hili halitoki. Na yote ya aina hii yakaguliwe kabla hayajagusa barabara."

Kisha akatoa uamuzi pale pale, nami nikautafsiri kipande kwa kipande. Nazir arudi karakana. Balbir apewe onyo la mwisho na aondolewe barabarani kwa msimu mmoja, akaoshe magari, kwa sababu alizuia wenzake bila kuja kwanza ofisini. Msimamizi alibaki na kazi yake. Hakuna aliyemwomba Nazir radhi. Mimi sikuulizwa maoni, wala haikuwa kazi yangu kuyatoa.

Baadaye, kwenye kivuli cha karakana, Nazir alinimiminia chai ya maziwa. "Bhenji," akasema, "ungesema ustad tu, ningekuwa Lahore kesho kutwa."

Balbir alikuwa ameketi juu ya tairi. Nilimwambia ukweli. "Nilipoeleza lile neno nilikuacha wazi peke yako. Nilijua."

"Mimi pia nilijua," akajibu. "Lakini neno la Guru si la kujifichia, bhenji."

Nazir akampiga kofi la bega. "Na wewe siku nyingine uniambie kwanza, punda wewe. Ustad wako ni wa nini?"

Balbir aliosha magari msimu ule wote bila kulalamika, akarudi barabarani. Nazir akawa anamwita karakana kila alipomaliza, akamfundisha breki za upepo mpaka akaweza kuzifungua na kuzifunga mwenyewe. Niliwaona mara nyingi, mzee akiwa amelala chini ya lori na kijana akimpa spana, wakibishana. Kwa Kipunjabi walielewana kila neno.

Mimi nilimalizia kazi katika zahanati moja ya wafanyakazi. Mkuu wangu wa mwisho alikuwa Matroni, Mkenya mwenzangu kutoka Machakos, mama mkali aliyependa mambo yaende upesi. Kule nilikutana na maneno yale yale katika nguo za wagonjwa. Mzee mmoja Kalasinga, akisubiri gari la kumpeleka hospitali kupasuliwa, aliendelea kumwita bhai sahib. Wauguzi walipiga simu kambini kumtafuta ndugu yake wa kuzaliwa, wakaambiwa hana.

"Anaita nani basi huyu?" Matroni akaniuliza.

"Anamtaka mtu wa kumsomea maandiko," nikasema. "Bhai kwake sasa ni cheo."

"Tutampata wapi huyo saa hizi?"

Nikamwambia naweza kusoma herufi zao, ingawa mimi si wa dini yao. Matroni akaniambia nimuulize mgonjwa mwenyewe. Nilimuuliza. Mzee alinitazama, akasema maneno ni ya Guru, si ya msomaji, na kwamba nifunike kichwa. Nikajifunga shuka safi la zahanati, nikamsomea kutoka kwenye simu yake mpaka gari lilipofika. Alirudi baada ya siku kadhaa akiwa mzima, akalalamika kwamba lafudhi yangu ni ya msituni. Ilikuwa lafudhi ya Biji.

Sasa nimestaafu, nimerudi Elburgon. Kiwanda cha mbao kilikwisha zamani. Vijana wanaotaka kwenda Ghuba huja kuniuliza kuhusu kazi, na wengi wanadhani ukalimani ni kujua maneno mengi. Huwaambia kwamba maneno hupatikana. Kigumu ni kukaa katikati ya watu wawili wakati neno lako linaamua nani aumie, na bado usilipindishe upande wa huruma yako. Sijui kama nilifaulu kila mara. Mara nyingine mtu aliondoka chumbani akiwa amepoteza kazi, na sauti iliyomwambia hivyo ilikuwa yangu.

Wale wawili pia wameacha Doha. Balbir yuko kijijini kwao upande wa India, ana trekta na trela. Nazir yuko kwao Pakistan, na masikio yake yalimalizwa na kelele za karakana, kwa hiyo simu ya sauti haimfai. Angeandikiwa, lakini hapo kuna tatizo ambalo hawakuliona walipokuwa wote Sanaiya. Lugha yao ni moja ila maandishi ni mawili. Balbir huandika Gurmukhi, na Nazir husoma herufi za mtindo wa Kiarabu, wanazoziita Shahmukhi. Mmoja akimwandikia mwingine, mwenzake anaona mikwaruzo tu. Basi hunitumia mimi. Nabadilisha herufi, sibadilishi neno, napeleka mbele.

Juzi Balbir aliandika kwamba breki za trela zimeshika na anataka kuingia chini azifungue. Je, Ustad anasemaje?

Jibu la Nazir lilifika kabla sijamaliza kuchambua maharagwe. "Mwambie yule punda aweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu kabla hajaingia. Na akishatoka, aandike."

Niliyageuza yote, na punda akiwa mahali pake, nikatuma. Kisha nikakaa na simu mapajani, maharagwe yakaendelea kungoja. Mchana ulipita. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa msitu simu ilipolia, na ujumbe wa Balbir ulikuwa neno moja: nimetoka.

Nikaliandika upya kwa herufi za yule mzee, nikampelekea.